Maswali ya Wasomaji: Saba hutokea mara nyingi, mbona alama zinaisha?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na binamu yangu tunacheza kwenye simu mchezo wa dadu uitwao krapsi, kwa alama tu, bila fedha. Binamu anashikilia kwamba saba ndiyo hutoka kuliko namba zote, hivyo kila mrusho huweka dau lake kwenye saba, linalolipa nne kwa moja. Mbona alama zake huisha kabla ya zangu mimi ninayeweka kwenye mstari wa pasi?
Msomaji, Chang'ombe, Dodoma

JIBU: Ndugu msomaji, kuhusu saba binamu yako hakukosea. Chukua dadu mbili za ludo, moja nyekundu na nyingine nyeupe, uzigeuzegeuze mezani: saba hupatikana kwa moja na sita, mbili na tano, au tatu na nne, na kwa kuwa kila jozi inaweza kubadilishana rangi, njia zake ni 6 kati ya 36. Sita na nane zina njia 5 kila moja. Mbili na kumi na mbili zina moja moja tu.

Alichosahau kuuliza ni bei. Tuseme anaweka alama 1,000 kila mrusho, na mirusho 36 ikatoka sawasawa na hesabu hiyo. Atashinda mara 6 na kupata 24,000, kisha atapoteza mara 30, yaani 30,000. Amepungukiwa 6,000, ambazo ni kama 167 katika kila 1,000 alizoweka. Malipo ya haki yangekuwa tano kwa moja. Ni sawa na kisado cha karanga kilichobonyezwa kitako: ukikitazama kwa juu, kimejaa.

Mstari wa pasi hulipa alama moja kwa kila alama moja uliyoweka. Mrusho wa kwanza ukileta 7 au 11 umeshinda, ukileta 2, 3 au 12 umepoteza. Namba nyingine yoyote huwa namba lengwa, ambayo sharti irudi kabla ya saba, na hapo ile saba iliyokuwa rafiki yako hugeuka adui. Kwa jumla utashinda mara 244 katika 495, kwa hiyo meza hukukata takriban 14 tu katika kila 1,000. Nawe unapungua, ila polepole.

Lipo pia dau la nyongeza, ambalo huwekwa nyuma ya dau la pasi baada ya namba lengwa kupatikana. Hili hulipa kwa haki kabisa: mbili kwa moja ikiwa namba ni 4 au 10, tatu kwa mbili ikiwa ni 5 au 9, na sita kwa tano ikiwa ni 6 au 8. Nne, kwa mfano, ina njia 3 dhidi ya 6 za saba. Huenda hamjaliona kwa sababu kwa kawaida halichorewi nafasi yake kwenye kitambaa cha meza, tofauti na lile la saba.