Ukienda La Mancha, usivikimbilie vijiji vyote vya Don Quijote

La Mancha iko Hispania, kusini mwa Madrid, na kila kijiji kina dai lake kuhusu Don Quijote, yule mzee wa riwaya aliyejiona shujaa akavishambulia vinu vya upepo akidhani ni majitu. Argamasilla de Alba watakuonyesha pango alimofungwa Miguel de Cervantes, mwandishi wa riwaya hiyo, eti humo ndimo alimoanzia kukiandika kitabu. Villanueva de los Infantes nao wanasema kijiji cha Don Quijote ni chao. Cervantes mwenyewe aligoma kukitaja tangu sentensi ya kwanza, mwaka 1605, kwa hiyo ubishi huo waachie wenyewe. Ukijaribu kuvimaliza vyote utakumbuka barabara tu: tambarare, mizabibu kushoto, mizabibu kulia.

Chagua mji mmoja ulale hapo. Mimi nasema Campo de Criptana. Wengi huenda Consuegra, ambako vinu vya upepo 12 vimejipanga kilimani pamoja na ngome, na picha zake ni nzuri kweli. Ila mabasi ya watalii nayo hupanda kilima hicho hicho. Criptana vinu viko juu tu ya makazi ya watu, nyumba nyeupe zilizopigwa buluu chini ya kuta, na jioni wageni wakishaondoka wanabaki wenyeji na mbwa wao.

Vitatu kati ya vinu hivyo, Burleta, Infanto na Sardinero, ni vya karne ya 16. Lipa kiingilio, uingie. Ngazi ni nyembamba, inazunguka hadi juu kwenye mawe ya kusagia na gurudumu la mbao lenye meno. Ukutani kuna vidirisha vidogo vilivyouzunguka mnara. Humo msagaji aliusikilizia upepo unakotoka, kisha akashuka nje kulizungusha paa zima kwa mti mrefu ulioinamia nyuma ya kinu, mpaka mabawa yaukabili. Mabawa yakianza kwenda juu ya kichwa chako, hutamcheka sana yule mzee aliyedhani ni majitu.

Julai na Agosti usiende. Joto hufika nyuzi 40, na kivuli hakuna. Aprili, Mei au Oktoba panakalika. Mwishoni mwa Oktoba hata mimi naenda Consuegra, kwa sababu ndio msimu wa zafarani: watu hukaa mezani na rundo la maua ya zambarau, wakichomoa nyuzi tatu nyekundu katika kila ua, na katika sikukuu yao hushindana nani mwepesi.

Gari la kukodi litakuokoa, maana mabasi ya vijijini ni machache. Beba leseni ya kimataifa. Sisi tuliozoea kushoto tuwe macho kwenye vipilefti, kule unaingia kwa kulia. El Toboso, kijiji cha Dulcinea, mpenzi wa Don Quijote kitabuni, ni kama kilomita 20 tu kutoka Criptana. Kuna jumba lenye nakala za kitabu katika lugha nyingi, nyingine zimesainiwa na wakuu wa nchi. Usipange Jumatatu, makumbusho mengi hufungwa.

Chakula cha mchana ni saa nane, cha usiku saa tatu. Katikati maduka mengi yamefungwa. Kwa Waislamu: nyama ya nguruwe huingia hata kwenye sahani ya mboga, kwa hiyo uliza kabla ya kuagiza. Jibini la manchego la maziwa ya kondoo, lile lililokaa miezi mingi, pamoja na mkate vinatosha kabisa safarini.

Kitabu kibebe, lakini usijitese kukimaliza kabla ya safari. Vinu vimo sura ya 8, kurasa chache tu. Kisha soma ya 9, ambamo msimulizi ananunua sokoni Toledo madaftari ya Kiarabu yenye hadithi iliyobaki. Cervantes alikuwa mateka Algiers miaka mitano, na Kiarabu alikisikia. Toledo ni nusu saa kwa treni ya kasi kutoka Madrid. Iweke siku ya mwisho, ukisharudisha gari.