Ua la Gloriosa Limenyauka: Nimwagilie au Ning'oe?

SWALI: Shikamoo mama. Mwezi Februari nilinunua mche kwa wauza maua wa kando ya barabara, karibu na Mwenge. Ua lake ni jekundu lenye kingo za njano, petali zimepindukia juu kama ndimi za moto. Muuzaji aliliita gloriosa. Aprili lilichanua mpaka majirani wakaja kupigia picha. Tangu Juni majani yamegeuka manjano, sasa limebaki bua kavu tu. Namwagilia asubuhi na jioni, nimeongeza na samadi, wapi! Mke wangu anasema ning'oe tupande mchicha. Limekufa?
Msomaji, Kigamboni

JIBU: Marahaba mwanangu. Funga bomba leo hii. Ua lako limelala, na wewe unalimwagia maji kitandani.

Hili si ua la kigeni la kubembelezwa. Ni la kwetu, la vichaka vya pwani, na limezoea kuishi kwa mvua. Masika ikipita, hufyonza nguvu zake zote likazirudisha chini kwenye kiazi, juu likakauka. Cha kwangu cha kwanza nilikipata shambani kwa shangazi, upande wa Pugu. Kilipokauka nikakimwagilia kila siku kwa huruma, tena kwa ndoo. Agosti nilipofukua nilikuta uji unaonuka. Huruma yangu ndiyo iliyokiua.

Mchanga wako wa Kigamboni huenda umekuokoa, maana haushiki maji. Chomeka kijiti pale bua lilipo ili mtu asije akapiga jembe, kisha acha. Mvua za vuli zikianza utaona ncha ya kijani inachungulia. Isipotokea, usikate tamaa. Kimoja changu kiliwahi kusinzia mpaka Machi. Ncha ikishachungulia ndipo uweke mboji kidogo iliyooza vizuri. Samadi mbichi inaunguza.

Ukilazimika kukihamisha, chimba kwa mkono. Kiazi chake kimepinda kama herufi V, na chipukizi hutoka kwenye ncha za mikono ile miwili tu. Ukivunja ncha, mkono huo umeupoteza. Kilaze ubavu, sentimita 8 hivi chini ya udongo. Na mwaka huu kitafutie cha kupandia mapema. Gloriosa hushika kwa ncha za majani, zinajiviringisha kama mkia wa kinyonga, kwa hiyo inataka kitu chembamba: waya, fito, hata kichaka cha jirani. Nguzo nene haiwezi kuikumbatia.

Sasa mchicha. Mwambie mama watoto kwamba Zimbabwe hilo ndilo ua lao la taifa, na mwaka 1947 Elizabeth, kabla hajawa malkia, alizawadiwa pini ya almasi yenye umbo lake alipotimiza miaka 21. Lakini hapo hapo naungana naye kwa jambo moja: lisikae karibu na mboga. Mmea mzima una sumu iitwayo kolchisini, na kiazi ndicho kibaya zaidi. Dawa ya jongo inatokana na kitu hicho hicho, ila kwa vipimo vidogo mno. Kwa macho, kiazi chake mtu anaweza kukidhani kiazi kikuu au kiazi kitamu. Wapo waliokila hivyo wakafa. Tuta la viazi liwe mbali kabisa, vaa glavu unapokishika, na watoto na mbuzi wasifike. Mtu akila, usisubiri aanze kutapika, kwa sababu dalili huchelewa kwa saa kadhaa. Hospitali moja kwa moja, na kipande cha mmea mkononi ili daktari akione.

SWALI: Mimi nakaa ghorofani Sinza, sina hata tuta. Naweza kuotesha gloriosa kwa mbegu kwenye ndoo?
Msomaji, Sinza

JIBU: Ndoo inafaa, ukiitoboa chini na kuchanganya udongo na mchanga mwingi. Mbegu zile nyekundu zinaota, ila utangoja miaka miwili mitatu kabla ya ua la kwanza. Nunua kiazi. Chuma za baraza zitakufaa kwa kupandia kama ni nyembamba, na masika ikiisha isogeze ndoo mahali pasipo na mvua wala nguo za kuanikwa zinazochuruzika. Yangu ya pili iliozea hapo hapo, chini ya kanga zangu mwenyewe.