Poti mbili za USB zimekufa kwa mpigo: nibadilishe madabodi?

SWALI: Kompyuta yangu ya mezani ina poti nne za USB kwa nyuma. Tangu juzi mbili hazisomi chochote, si flashi wala kipanya. Kwenye Device Manager (orodha ya vifaa ndani ya Windows) kidhibiti kimoja cha USB, yaani chipu inayosimamia poti, kina alama ya mshangao ya njano. Fundi anasema nibadilishe madabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta. Nifanyeje?

JIBU: Subiri kwanza. Poti kwa kawaida huharibika moja moja, mara nyingi kwa kuchomekwa kwa nguvu hadi kiulimi cha ndani kikapinda. Zikifa mbili kwa pamoja, shuku kile kinachoziunganisha, yaani kidhibiti chake au umeme unaozilisha. Katika USB kipanya hakisemi mpaka kiulizwe, na muulizaji ni kidhibiti. Kidhibiti kikinyamaza, poti zake zote zimenyamaza.

Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme na vifaa vyote vya USB, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama 15. Usiipuuze hatua hii. Madabodi hubaki na umeme kidogo hata mashine ikiwa imezimwa, kwa hiyo kuzima na kuwasha tu huenda kusikiamshe kidhibiti kilichoganda.

Alama ikibaki, bofya mara mbili kidhibiti hicho usome namba ya kosa. 10 maana yake kimeshindwa kuanza. 28, hakina draiva (programu ya kukiendesha), basi ipakue kwenye tovuti ya mtengenezaji wa madabodi. Kwa 10, kiondoe kwa Uninstall kisha uwashe upya, Windows itakitambua tena. Lakini tafadhali, kabla ya kukiondoa hakikisha kipanya na kibodi viko kwenye poti nzima, la sivyo utabaki huna cha kubofyea.

Bado? Washa kompyuta kwa Linux (mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows) iliyo kwenye flashi, ukiichomeka kwenye poti nzima, halafu jaribu zile mbili. Zikifanya kazi huko, chipu ni nzima na ugonjwa uko ndani ya Windows. Zikigoma huko pia, hitilafu ni ya vifaa, na hapo fundi wako ana hoja. Hata hivyo, kama madabodi ina nafasi ya PCI Express (tundu la kuchomekea kadi za ziada) iliyo wazi, kadi ya USB ya kuchomeka humo huja na kidhibiti chake yenyewe, na madabodi yako itaendelea kutumika.