Bomba la uani linatoa maji kidogo: je, ni lazima kuchimba?

SWALI: Bomba letu la uani ni lile la mkono wa kuinua, ambalo valvu yake imefukiwa chini ya ardhi. Siku hizi linatoa maji kidogo sana, ingawa ndani ya nyumba maji yana nguvu kama kawaida. Je, nichimbe na kulibadilisha?

JIBU: Ndugu msomaji, usichimbe kwanza. Kwa kuwa ndani maji yana nguvu, kasoro imo katika njia inayoelekea uani. Ondoa mpira wa kumwagilia, maana mpira mrefu na mwembamba hupunguza maji hata bomba likiwa zima, kisha hakikisha koki inayolisha njia hiyo imefunguliwa hadi mwisho.

Baada ya hapo, funga geji ya presha kwenye mdomo wa bomba, inua mkono na ulinganishe kipimo na cha ndani, ukikumbuka kwamba kila mita 10 za mwinuko hupunguza takriban bar 1. Vipimo vikilingana ilhali ndoo inachelewa kujaa, presha ipo ila njia imeziba mahali fulani. Kipimo cha uani kikiwa chini bila sababu ya mwinuko, kuna maji yanayotoroka ardhini.

Hapo ndipo ninapoishuku zaidi plunja, yaani kizibo cha valvu ile iliyofukiwa, kinachofungua na kufunga maji. Mkono huivuta kwa ufito mrefu wa chuma uliobanwa kwa skrubu; skrubu ikilegea, mkono hupanda mpaka mwisho huku plunja ikiinuka kidogo tu. Plunja isiyoinuka kikamilifu huleta hasara mbili kwa pamoja: hubana maji yanayopanda, na huacha wazi tundu la chini ambalo kazi yake ni kumwaga maji yaliyobaki bombani baada ya kufunga. Udongo unaolowa kuzunguka shina la bomba wakati maji yakitoka ni dalili nzito ya kasoro hiyo. Rekebisha ufito, kaza skrubu, kisha hakikisha bomba bado linafunga kabisa.

Tatizo likibaki, funga koki kuu, fungua kichwa cha bomba na uchomoe ufito pamoja na plunja. Mabomba mengi ya aina hii huruhusu kazi hiyo kufanywa kwa juu. Badilisha plunja iliyochakaa, na kabla ya kuirudisha fungua koki kidogo ili mchanga na kutu vitoke. Kuchimba kunastahili pale tu ambapo plunja ni nzima na maji bado ni hafifu, hasa ikiwa bomba la chini ni la chuma la zamani, ambalo kutu hulijaza kutoka ndani.