Oka wakifuata mshipi wa jodari: jibu kwa kijana wa Dunga

Kijana wa Dunga, ufuo wa wavuvi Kisumu, ameuliza kama ni kweli nyangumi wauaji, yaani oka, hupindua meli na kula mabaharia. Amepata kazi kwenye meli ya jodari, na mamake hataki aende. Kazi hiyo nimeifanya kabla sijarudi Kisumu, kwa hivyo wacha nimjibu.

Mwambie mama atulie. Hakuna rekodi ya oka wa mwituni kumuua binadamu. Zile habari za mashua kuzamishwa ni za kweli, zilianza 2020 upande wa Uhispania na Ureno, lakini huko ni mashua za tanga zinazovunjwa usukani.

Kwenye meli ya jodari, oka wanachofuata ni samaki. Mshipi mkuu, ule unaobeba ndoana zote, unaweza kufika kilomita 100, na winchi ikianza kuuvuta wanaisikia kutoka mbali. Utaliona kwanza pezi la dume, limesimama wima, refu hata mita 1.8. Nyuma yake majike na watoto. Hawana haraka. Wanazama, na wewe unaendelea kuvuta huku mshipi ukizidi kuwa mwepesi. Halafu vinaanza kupanda vichwa vitupu: jodari kwenye ndoana, jicho bado linang'aa, na nyuma ya matamvua hakuna kitu ila nyama iliyochanika. Wewe umezoea mgongowazi pale Kisumu, mifupa ya samaki iliyotolewa minofu. Huku mgongo wenyewe umeliwa. Papa akila utajua, maana hukata kipande cha duara na kukuachia kilichobaki.

Siku moja jike aliibuka ubavuni mwa meli amembana jodari mdomoni. Hakummeza. Mtoto wake akaja akashika mkia, wakavutana mpaka samaki akapasuka, kila mmoja akaondoka na chake. Nimelelewa na wavuvi, nimewaona tai wa ziwani wakinyakua samaki tangu utotoni, ila kugawana riziki namna ile sikuwa nimeona.

Wenzako watataka kuwatupia fataki. Usikubali, ni ukatili wa bure. Wanasogea kidogo, kisha wanarudi. Nahodha mwenye akili huhamia mbali. Wewe chunga mshipi uliokaza, usisimame nao mstari mmoja ukishangaa mapezi, kwa sababu ukikatika unaweza kukutoa jicho. Na kabla hujasaini mkataba, uliza: kama malipo yanategemea uzito wa samaki, siku ya vichwa vitupu mnalipwaje?