Kabla Hujalaumu Waya, Tazama Maski

Kazi yangu ya kwanza ya kufunga kamera peke yangu ilikuwa kwenye ghala la korosho, nje kidogo ya Mtwara mjini. Kamera 8, rekoda moja, swichi ya kuunganisha waya za mtandao, na ruta. Msimu wa minada unakaribia, na mwenye ghala kila akipita anauliza, "Fundi, picha bado tu?" Taa za swichi zinawaka vizuri, skrini nyeusi. Nikapanda ngazi, nikabana upya vichwa vyote 16 vya waya chini ya bati, jua la saa nane. Bado.

Waya haukuwa na kosa. Anwani ya ruta ilikuwa 192.168.0.1, na kamera zimetoka kiwandani na 192.168.1.108. Ukizitazama harakaharaka ni ndugu. Maski, ile 255.255.255.0 inayoandikwa pamoja na anwani, inasema si ndugu.

Anwani ya IP ni namba 4, kila moja kati ya 0 na 255. Maski ndiyo inayogawa: penye 255, namba za vifaa vinavyozungumza moja kwa moja lazima zifanane, penye 0, kila kifaa kiwe na yake. Anwani zangu zilitofautiana kwenye namba ya tatu, 0 na 1, basi kila kimoja kikamwona mwenzake mgeni. Mgeni hupitia ruta, na ruta yenyewe haikuijua njia ya kwenda huko.

Dawa yake: laptopu niliipa kwa muda 192.168.1.50, nikaingia kwenye kamera, nikaibadilisha iwe 192.168.0.21. Hapo nikagundua balaa la pili. Kamera zote 8 zilikuwa na anwani ileile ya kiwandani! Chomeka moja, badilisha, ndipo uchomeke inayofuata. Ukiziwasha zote pamoja zitagombana mpaka jioni. (Na laptopu ikionyesha 169.254, imejipa namba yenyewe kwa sababu haikupata wa kuigawia.)

Sasa kugawa. Chukua 192.168.0.0 kama shamba la mikorosho 256, kuanzia 0 hadi 255. Maski ya 255.255.255.192 inalikata vipande. Hesabu yake ni nyepesi: 256 toa 192, unabaki na 64. Vipande vinaanza 0, 64, 128 na 192. Katika kila kipande mkorosho wa kwanza ni jina la kipande na wa mwisho ni wa kupigia mbiu kwa wote, hivyo unachuma 62 tu. Niliwahi kuipa printa 192.168.0.127 (kwa kifupi .127) katika mgawanyo huu, nikashangaa inanikatalia: ndiyo ya mwisho ya kipande cha pili.

Lakini usigawe kwa kujionyesha. Duka lenye kamera 8 na kompyuta 3 linatosha na 255.255.255.0, anwani 254. Ukigawa, vipande havizungumzi bila ruta yenye mguu katika kila kipande, na ruta nyingi za bei ndogo haziwezi hilo.

Kinachotesa zaidi ni maski mbili tofauti ndani ya mtandao mmoja. Ofisi moja pale Lindi, kompyuta ya meneja ilikuwa .50 na maski ya 255.255.255.128, rekoda .200 na maski ya 255.255.255.0. Kompyuta inajua mwisho wa kwao ni .127, kwa hiyo mzigo wa rekoda inaupeleka kwa ruta. Rekoda nayo inamjibu meneja moja kwa moja, kama jirani. Ruta nyingine huukubali mzunguko huo, nyingine huutupa mzigo. Matokeo yake leo picha zipo, kesho hazipo, na fundi aliyetangulia alikuwa ameshauza swichi mpya. Nilibadilisha namba moja tu, nikaona aibu kutaja bei.

Siku hizi kabla ya kugusa ngazi naandika karatasi: ruta .1, kamera .21 hadi .40, printa .10, na DHCP, huduma inayogawa anwani yenyewe, naiambia igawe kuanzia .100 ili isinivamie. Ile ya ghala la korosho bado imebandikwa ndani ya mlango wa kabati la swichi. Walipoongeza kamera ya tisa hawakuniita. Walinipigia simu, nikawaambia waandike .29.