Kabla ya sola, iombe bili ya stima

Nikiitwa na shirika la umma hapa Malindi kuangalia gharama ya stima, neno la kwanza huwa lile lile: "Fundi, tufungie sola tu yaishe." Siwalaumu. Jua tunalo, na Langobaya kuna mtambo wa sola wa megawati 40 unaolisha gridi ya taifa. Mimi huomba kwanza bili za mwaka mzima, nikakuta fundi wa pampu hajawahi kuziona. Humfikia mhasibu, hulipwa, hufungiwa kabatini.

Mtumiaji mkubwa halipii uniti peke yake. Hulipia pia kilele cha kVA cha mwezi, yaani mzigo mkubwa kuliko yote aliouvuta kwa pamoja mwezi huo, na pawa fakta (kipimo cha sehemu ya stima anayovuta inayofanya kazi kweli) ikishuka chini ya 0.9 hutozwa nyongeza. Kwa hiyo usijaribu pampu ya akiba huku nyingine zote zinakwenda; zima moja kwanza. Kisha fungua boksi la kapasita, vile vifaa vya kuinua pawa fakta. Nyingi nimezikuta zimevimba, chumvi ya bahari imekula viungo, na hakuna aliyejua maana taa za ofisi zinawaka vizuri tu.

Pampu ndiyo mlaji mkuu, hasa kwa mashirika ya maji. Ukiona valvu imefungwa nusu na mota inakwenda kwa nguvu zote, unalipia maji yasiyotoka. Kifaa cha kupunguza mwendo wa mota husaidia sana: mwendo ukishuka hadi asilimia 80, pampu huhitaji takriban nusu ya nguvu. Hesabu hiyo hukubali kwenye mabomba marefu ya tambarare. Kama kazi kubwa ni kupandisha maji kwenye tangi la mlimani, akiba ni ndogo, na muuzaji hatakwambia.

Tangu Desemba 2017 Kenya ina bei nafuu ya usiku kwa viwanda na watumiaji wakubwa wanaotimiza masharti. Mwenye tangi kubwa anaweza kulijaza usiku, kwa hiyo aulize kama anastahili.

Na anayetumia uniti 180,000 au zaidi kwa mwaka, kanuni za 2012 zilimtaka afanye ukaguzi wa nishati kila miaka mitatu. Pengine ripoti mnayo tayari. Itafuteni.

Baada ya hapo ndipo tuzungumze sola, kwa kipimo cha mzigo wa mchana uliobaki. Ukiifunga mapema, utanunua paneli za kulisha ile valvu. Na kazi ya kuziosha iandikwe kwenye mkataba, maana kwa upepo wetu huu wa chumvi hazikai safi.